Karatasi ya Jirani

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, shangazi yangu alikuwa anashika pasi. Si kwa sababu ya nguo. Aliinyanyua pasi ya mkaa, ikiwa tupu, kwa mkono mmoja ulionyooka kama rula, akaiacha hapo hewani huku anahesabu kimoyomoyo. Akifika hamsini anaishusha, anavuta pumzi, anaanza upya. Fundi seremala tuliyepanga naye nyumba moja akipita uani na mswaki mdomoni ilikuwa lazima amchokoze.

“Jirani, leo unampigia nani pasi? Majini?”

“Nanyoosha hewa. Umeikunja usiku kucha kwa kukoroma.”

Seremala anacheka mpaka povu la dawa linamwagika kifuani.

Shangazi alikuwa mlinzi wa silaha. Miaka kumi na tisa alisimama kwenye mlango wa benki, bastola kiunoni, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Bastola ilikuwa ya kampuni. Anaichukua ghalani asubuhi, anatia sahihi, jioni anairudisha. Miaka yote hiyo hakuwahi kumwelekezea mtu. “Mimi nalipwa nisiitumie,” alikuwa anasema. Alichokipenda ni mashindano. Mara moja kwa mwaka walinzi walipelekwa uwanja wa shabaha, wakapiga karatasi, na mshindi akapewa kikombe cha bati. Tulikuwa navyo vinne juu ya kabati. Kimoja tulitilia chumvi.

Mimi ni mtoto wa kaka yake. Alinichukua baba alipofariki, nikiwa darasa la tatu, na la tano sikulimaliza. Siongei sana. Yeye aliniita Kimya, na kwa watu alikuwa anajisifia mimi kama mtu anayejisifia kufuli: “Huyu wangu ukimpa neno, umelizika.”

Mwaka huu kikombe hakikuwa na maana. Mkufunzi wa silaha wa kampuni, mzee tuliyemwita Polepole, alikuwa anastaafu, na ilitangazwa kwamba atakayeongoza mashindano ndiye atakayekalia kiti chake. Mkufunzi hasimami mlangoni. Anakaa kwenye stuli kivulini, anafundisha wengine, na hapimwi macho. Walinzi wa mlangoni wanapimwa kila mwisho wa mwaka.

Na hapo kwenye macho ndipo palipokuwa na neno.

Niliona kabla yake. Jioni moja alimimina chai pembeni mwa kikombe, taratibu, bila haraka, kama kwamba kikombe kiko pale. Chai ikatambaa mezani mpaka ikaanza kudondoka sakafuni. Akaitazama, akanitazama.

“Umeona?”

“Nimeona.”

“Hujaona,” akasema, akafuta meza.

Baadaye tulikwenda hospitali ya macho. Walimkalisha kwenye mashine, wakamwambia abonyeze kitufe kila akiona kinukta cha mwanga. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma nasikiliza kitufe. Kilikuwa kinalia mara chache mno. Daktari alikuwa kijana mpole. Akasema ni presha ya macho. La kulia limekwenda. La kushoto katikati bado zima, ila pembeni, hasa upande wa kushoto, limeanza kuliwa.

“Ni kama mtu anayechungulia dunia kwa bomba,” akasema. “Kilichokufa hakirudi, mama. Tunalinda kilichobaki.”

Akampa dawa ya matone. Kwenye korido, kati ya watu waliofungwa bandeji, shangazi akanishika mkono.

“Katikati bado zima. Umesikia mwenyewe? Na shabaha ni nini kama si katikati?”

Toka siku ile akawa ananitaka nitembee kushoto kwake. Alisema ni kwa ajili ya mazungumzo. Mimi na mazungumzo wapi na wapi!

Ilibaki miezi mitatu. Maisha yake yote alikuwa akilenga kwa jicho la kulia, na sasa ilibidi mkono wa kulia uende kulifuata jicho la kushoto. Ni jambo dogo ukilisikia. Shingo inakataa. Bega linakataa. Jicho lililokufa nalo halikubali kwamba limekufa, linaingiza ukungu wake katikati. Akalibandikia plasta.

Seremala akamchongea bastola ya mti. Ndani aliichimba akatia kipande cha chuma ili iwe na uzito wa kweli. Mbele akapigilia kipande cha msumari kiwe kinundu, nyuma akachonga pengo. Anayelenga anaweka kinundu katikati ya pengo, vichwa vyao sawasawa, halafu hapo juu anakalisha doa jeusi la karatasi. Kwa kifyatulio alitumia kibanio cha nguo na springi yake. Ukikibonyeza kinasema *tak*.

Mimi nilichora doa. Nilikandika rangi nyeusi ya viatu kwenye kitako cha glasi, nikakigandamiza ukutani usawa wa macho yake. Doa moja, kwenye ukuta mweupe mtupu. Nakumbuka nilirudi nyuma nikalitazama nikaona limekaa vizuri.

Kazi yangu ilikuwa kifungo. Shangazi alikata kifungo cha shaba kwenye sare yake ya zamani, mimi nakiweka juu ya mtutu wa mti, yeye anabonyeza kibanio. Kifungo kikianguka, mkono umetikisika, hiyo haihesabiwi. Wiki ya kwanza nilishinda nimepiga magoti natafuta kifungo chini ya kitanda. Wiki ya tano kilianguka mara tatu asubuhi nzima. Wiki ya nane nilikaa tu kwenye ndoo, namtazama, na kifungo kimetulia kama nzi aliyekufa.

“Kifyatulio hakivutwi,” alikuwa anajisemea kwa sauti ya mzee Polepole. “Kinakamuliwa. Polepole, kama jipu la mtoto aliyelala.”

*Tak.*

“Macho hayana tamaa mbili. Tazama kinundu. Shabaha iache iwe ukungu, haikimbii popote.”

*Tak.*

Huku nje ya ule ukuta mambo mengine yalikuwa yanaendelea. Alijigonga bega la kushoto kwenye fremu ya mlango, mara ya kwanza, ya pili. Aliikanyaga ndoo ya maji ambayo miaka yote inakaa palepale. Mimi niliihamisha ndoo upande wa kulia. Hakuuliza kwa nini ndoo imehama.

Kila Alhamisi kampuni iliwapa walinzi risasi kumi kumi za mazoezi. Uwanja wenyewe ni tuta la udongo, mbele yake fremu za mbao, na hatua thelathini nyuma kuna meza ndefu. Siku za mazoezi wanafunga karatasi moja tu, kwenye fremu ya katikati, na watu wanapiga kwa zamu, kila zamu karatasi mpya. Alhamisi moja nilimsindikiza, nikakaa nyuma ya kamba na pamba masikioni.

Mshindani wake alikuwa kijana mmoja wa zamu ya usiku, mrefu, mwembamba, kichwa bapa. Walimwita Msumari. Alikuwa hodari lakini ana haraka, anapiga kama mtu anayefukuza kuku.

“Mama,” akamwambia shangazi siku ile, “plasta ya nini tena jichoni? Umepigana?”

“Chekea.”

“Chekea gani haiponi miezi miwili? Hayo macho yameshaona mengi, yaache yapumzike.”

“Yangu yakipumzika, mdomo wako utaajiriwa na nani?”

Watu wakaangua kicheko, Msumari mwenyewe akiongoza.

Mzee Polepole hakucheka. Alikuwa na mchezo wake: anampakilia mtu risasi, na katikati anachanganya moja iliyokufa, isiyo na baruti. Anaiita bubu. Mpigaji hajui bubu ni ya ngapi. Ikifika, bastola hailii, na hapo ndipo kila mtu anaona unachofanya ukiwa unaogopa mlio. Msumari ilipomfikia, mtutu wake ulichota chini kama jembe.

“Umeinama kumwamkia nani?” mzee akauliza.

Ya shangazi ilipofika, ilisikika kama kucha imegonga meza. Mtutu haukusogea hata unywele. Mzee akamtazama muda mrefu. Akaenda mwenyewe kuileta karatasi, akanipa mimi niishike. Matundu tisa, yote ndani ya doa, mengine yameingiliana.

Njiani kurudi nyumbani shangazi alikuwa anaimba. Nilimvuta mkono mara mbili asigongwe na baiskeli zilizotokea kushoto. Aliendelea kuimba.

Siku ya mashindano walifunga karatasi sita, fremu sita, zimebanana. Namba ziliandikwa kwa chaki juu ya kila fremu. Kura ilimpa shangazi namba nne. Msumari akapata namba tatu, kushoto kwake. Msimamizi wa mstari, mtu mfupi mwenye filimbi, alitembea mbele ya kamba akatuonyesha kidole watazamaji wote.

“Nyuma ya kamba hakuna sauti. Atakayemwelekeza mpigaji kwa neno, kwa mluzi, kwa kikohozi, mtu wake anatoka. Tumeelewana?”

Tukaitikia kwamba tumeelewana.

Duru ya kwanza ilikuwa ya taratibu, risasi kumi kwa dakika kumi. Nilimwona shangazi anavyofanya. Kabla ya kila risasi aliinua kidevu, akaitafuta namba ya chaki kule juu, akaipata, akateremka nayo polepole mpaka kwenye doa, kama mtu anayeshuka ngazi gizani akishikilia ukuta. Halafu anapiga. Halafu anaanza tena juu. Alimaliza wa mwisho, kwa alama tisini na tano. Msumari alipata themanini na nane. Aliyewafuata alikuwa mbali.

Wakati wanabadilisha karatasi alikuja kwenye kamba kunywa maji.

“Mkono unasemaje?” nikamwuliza.

“Umelala usingizi wa mtoto mchanga.” Akapangusa mdomo. Uso wake ulikuwa umeng'aa. “Kimya, leo lolote utakaloliona, meza. Usije ukanipigia kelele ya furaha nikatolewa bure.”

“Sawa, shangazi.”

Duru ya pili ni ya haraka. Bastola inawekwa mezani. Filimbi ikilia unainyanyua, unapiga tano ndani ya sekunde kumi, unaiweka chini. Unapakia. Filimbi tena, tano nyingine. Hakuna muda wa kupanda ngazi na kushuka.

Filimbi ikalia. Mkono wake ukapanda. Ulipanda vizuri kuliko siku zote ukutani kwetu, ukatulia, na jicho likakutana na doa jeusi, na doa likiwepo kwenye bomba lake yeye anachotakiwa ni kukamua tu. Akakamua mara tano.

Matundu huwezi kuyaona kutoka nyuma ya kamba. Unaona vumbi. Nyuma ya namba tatu vumbi lilikuwa linaruka mara mbili mbili, kama karatasi ile inapigwa na watu wawili. Nyuma ya namba nne udongo ulikuwa umelala.

Nikatazama tena. Umelala.

Alikuwa anapakia risasi tano za pili. Nilihesabu zikiingia, moja moja, vidole vyake havina wasiwasi wowote. Nilikuwa na muda wa kusema. Nilikuwa na muda wa kukohoa tu. Ningekohoa, angetolewa. Nisipokohoa, zitakwenda kulekule. Nilimtafuta mzee Polepole kwa macho, nikamwona amesimama mwisho wa meza, kofia ameivua ameishika kifuani. Yeye pia alikuwa anatazama udongo ule. Kanuni ilikuwa imemfunga mdomo kama ilivyonifunga mimi, ila yeye alikuwa mzee na mimi nilikuwa mtu wa shangazi.

Nikameza.

Filimbi ikalia. Vumbi likaruka mara mbili mbili.

Walipozileta karatasi, namba nne ilikuwa nyeupe na doa lake jeusi halina hata mkwaruzo. Kwanza watu hawakuelewa. Wakadhani imechukuliwa karatasi ambayo haijafungwa. Kisha wakaiona ya namba tatu. Kulikuwa na matundu yaliyotawanyika huku na huku, na katikati palikuwa hapana karatasi tena. Palikuwa na tundu moja lililochanika, kama kitako cha glasi.

“Mama kampigia jirani!” mtu akapaza sauti. “Ukarimu gani huu?”

Kicheko kikapita kwenye kamba yote. Shangazi alikuwa bado anatabasamu. Alidhani wanacheka jambo jingine.

Msimamizi akafungua kitabu cha kanuni, akasoma akifuatisha kwa kidole. Karatasi ikiwa na matundu yaliyozidi, na haijulikani lipi la nani, mwenye karatasi anahesabiwa yaliyo bora. Risasi zote zilikuwa za aina moja, kutoka sanduku moja. Msumari akaandikiwa tisini na saba. Shangazi akaandikiwa sifuri.

Msumari alimfuata shangazi kwenye bomba la maji, alikokwenda kunawa. Kofia yake alikuwa ameifinyanga mkononi.

“Mama, nimewaambia si zangu.”

“Kitabu kinasemaje?”

“Kinasema ni zangu.”

“Basi ni zako, mwanangu. Mimi nilizipiga, wewe umezivuna.” Akajaribu kucheka. “Ukikaa kwenye ile stuli ya mzee, usivute. Ukamue.”

Kijana akaondoka anakokota buti.

Halafu akaja mzee Polepole. Alisimama kushoto kwa shangazi, karibu kabisa, ubavuni, akanyoosha vidole viwili. Shangazi aliendelea kunawa mikono. Maji yalikuwa yanatiririka. Mzee akavitikisa vidole. Shangazi akanawa. Nilitaka kumgusa, nikaona mzee ananitazama, nikaacha.

“Dada,” mzee akasema mwishowe.

Shangazi akashtuka, akageuka mzima mzima kama mtu aliyeitwa kutoka mbali. Akaviona vile vidole. Akaelewa.

“Tangu lini?” mzee akauliza.

“Katikati bado zima.”

“Najua. Nimeiona katikati. Sijawahi kuona katikati kama ile.” Akavishusha vidole. “Lakini mlangoni watu hawaji kwa katikati, dada yangu. Wanakuja kutoka pembeni. Bastola si kijiko, niseme sijaona.”

“Sema umeona.”

“Nitaiandika ripoti mwenyewe. Asiandike mtu mwingine.”

“Andika.”

Shangazi akatoa kadi yake ya silaha kwenye mfuko wa shati, ile yenye picha yake ya ujana, akampa. Alimpa kwa mikono miwili.

Sasa yuko kwenye geti la ghala la unga. Ana rungu na filimbi, na kitabu cha kuandikia namba za malori. Madereva wanamwamkia vizuri, lakini lori likirudi nyuma kutoka kushoto wanapiga honi kwanza, nadhani wameambiana. Akirudi jioni anakuwa mweupe wa unga hadi kwenye nyusi. Seremala hamchokozi tena, na hilo ndilo linalomwudhi kuliko yote. Juzi alimwambia, “We jirani, umeokota ulokole? Mbona hunitanii?” Seremala akasema kazi zimekuwa nyingi.

Wiki mbili hakuigusa pasi. Doa lilibaki ukutani. Nilitaka kulifuta, kila nikichukua kitambaa naona atajua.

Jumapili iliyopita alikaa kitandani akatia matone yake, akafumba macho, akangoja. Alipofumbua akasema, “Kimya, ile rangi ya viatu bado ipo?”

“Ipo.”

“Chora na la jirani.”

Nikachora la pili, kushoto, karibu na la kwanza kama fremu zilivyokuwa zimebanana. Akachukua bastola ya mti. Akageuka akaipa ukuta mgongo, halafu akazunguka ghafla na mkono ukapanda palepale, umenyooka, umetulia. Kinundu kilikuwa kimekaa katikati ya doa la jirani.

“Nipo wapi?”

Nikafunika mkebe wa rangi.

“Siku ile uliona,” akasema bila kuushusha mkono.

“Niliona.”

“Kuanzia risasi ya ngapi?”

“Ya pili.”

Mkono haukutikisika. Kifungo ningeweza kukiweka pale kikakaa mpaka jioni.

“Nilikwambia umeze,” akasema. “Ukameza. Haya, sasa tema. Nipo wapi?”

“Kwa jirani, shangazi. Rudi kulia.”

Akarudi kulia. Akapita kidogo.

“Umezidisha.”

“Hapa?”

“Hapo.”

*Tak.*